Seli Ambazo Glenys Hakuzitazama

Glenys Tarrant alikuwa fundi wa maabara mjini Newcastle, Australia, kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake, bila kuipamba, ilikuwa kutenganisha seli za korodani za panya. Unazimimina juu ya maji yenye protini, unaziacha zizame. Seli kubwa, ambazo bado hazijagawanyika, hutangulia chini. Zile ndogo za mviringo, zinazokaribia kuota mkia wa mbegu, hufuata. Kila chupa sharti itazamwe kwa hadubini kabla ya kutiwa saini. Hakuna aliyezijua seli hizo kama Glenys, naye alipenda watu walijue hilo.

Siku moja ya Februari kiyoyozi kilikufa, jasho likamtoka, hakutazama. Akaandika majina kwa mazoea, akatia saini kwamba ametazama. Kumbe chupa alizipanga kinyume.

Dushani, mwanafunzi wa uzamivu, akazipima. Vitabu vinasema jeni ya kimeng'enya kimoja cha kuvunja sukari huamka seli zikiwa kubwa, ila kimeng'enya chenyewe huonekana baadaye, zikishakuwa ndogo. Yeye akakikuta kimejaa kwenye chupa iliyoandikwa "kubwa". Maabara nzima ikachanganyikiwa kwa furaha. Kwenye chai ya saa nne zikaletwa keki za nazi.

"Glenys, mikono yako ikatiwe bima!" Dushani alisema, mdomo umejaa. "Jumatatu nasimama kwenye kongamano la Perth mbele ya watu mia tatu. Watanikoma!"

"Kula keki, acha maneno," Glenys akajibu, na sifa zikamwingia vizuri tu.

Lakini kule kutotazama kulimkereketa. Mchana akatia tone la masalio ya chupa ile kwenye kioo cha hadubini, akainama kutazama. Chupa ya seli kubwa ilikuwa imejaa ndogo tupu. Uso ukamwaka moto akiwa peke yake chumbani. Akafikiria kunyamaza, nani angejua? Kisha akaona aibu mara ya pili, kwa kufikiria hivyo.

Akamkuta Dushani akipanga kwenye kompyuta picha za hotuba yake ya Perth.

"Funga hiyo, mpenzi. Chupa nilizibadilisha majina. Hakuna ulichogundua."

Dushani akacheka. "Acha utani wako."

"Sitanii."

"Si ulitia saini kwamba umetazama?"

"Nilitia."

"Ulitazama?"

"Sikutazama."

Dushani hakupiga kelele, na Glenys alitamani apige. Msichana alifunga picha moja baada ya nyingine, mpaka kioo cha kompyuta kikabaki kitupu.

"Na zile za mwaka jana?" akauliza polepole. "Za sura ya pili ya tasnifu yangu? Za utafiti wa Ross? Zote zina saini yako."

Zile Glenys alizitazama. Zote, moja moja, kwa miaka ishirini na sita, na shingo ilimuuma kwa kuinamia hadubini. Akafungua kinywa aseme hivyo, akaona jinsi Dushani anavyomtazama, akakifunga.