Mwangalizi Hakushuka Melini

Mimi nina hasira za karibu, na wiki ile ya mahari zilizidi. Binti yetu ni mwangalizi kwenye meli za jodari: anapima samaki wanaovuliwa, anaandika papa waliorudishwa majini. Sisi ni wafugaji tuliohamia Malolo kutoka Kanda ya Ziwa. Bahari tunaionea kwenye simu. Mume wangu anachunga, mimi nauza chakula Mikumi, kwa madereva wa malori.

Meli ikitoka kwenye maji yetu alitakiwa ashuke, aje nyumbani, maana wakwe walikuwa wanaleta mahari yake. Kwetu ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka binti aulizwe mbele ya wazee kama anawakubali wenye ng'ombe hao. Kumbe nchi za ukanda huu zimekubaliana: samaki ni wale wale, leo kwetu kesho kwa jirani, kwa hiyo mwangalizi wa nchi moja anatambuliwa na zote. Akaniandikia: "Mama, meli inaendelea kusini, nami nimo."

Jamani! Niliunguza wali. Dereva akalalamika, nikamwambia akapike kwao. Kila basi la Dar likisimama natoka na mwiko mkononi, na najua kabisa hayumo. Mume wangu ndiyo kwanza anacheka.

"Ng'ombe wangu akiingia hifadhini anakamatwa. Samaki akivuka mpaka, mataifa yanakaa kikao!"

"Nani kawatuma wapatane?" nikamjibu. "Wangegombana kidogo tu, mwanangu angekuwa hapa."

Wakwe wakafika Malolo na ng'ombe wao, wazuri kweli. Shikamoo, marahaba, na mimi nimo tu, naingia, natoka. Mwishowe mume wangu akapiga simu. Intaneti ya meli ni ya kubahatisha, lakini ikashika. Akaweka sauti kubwa.

"Mwanangu, wageni hawa unawafahamu? Tupokee?"

Tukasikia injini tu. Kisha yeye.

"Shikamoo baba. Shikamooni wazee. Nawafahamu. Lakini msipokee. Kijana wao anataka niache kazi." Akavuta pumzi. "Na mama asizilaumu nchi. Nilikuwa na ruhusa ya kushuka. Mimi ndiye niliyeomba kuendelea."

Wazee wote wakanigeukia. Niliumia, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimeshashona hadi nguo ya harusi.

"Baba nanihii," nikamwambia mume wangu, "wape ng'ombe wa watu maji. Safari ya kurudi ni ndefu."