Njiwa Aliyekaa Eda

Mimi njiwa nilikuwa namjua kwenye sahani, na mchuzi wake wa mawese. Nasema hivyo mapema ili mtu asinidhanie kuwa mimi ni mwenye huruma. Aliyewapenda ni babu. Aliwafuga uani kwetu, Kasongo, ndani ya sanduku la mbao alilolitundika ukutani karibu na dirisha la chumba chake na bibi, na kila asubuhi aliwasalimia wao kabla ya kutusalimia sisi. Alipofariki walikuwa wamebaki wawili tu: mmoja mkubwa mweupe, mwingine mdogo wa kijivu. Wiki ileile ya kilio, mwewe akashuka mchana kweupe, akamchukua yule mkubwa juu ya bati la nyumba, sisi tukiwa kwenye masufuria.

Bibi alikuwa ndani, ameanza eda. Kwetu Waislamu wa mjini, mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajipaki manukato wala hina, na hakuna ruhusa ya kumposa. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni sahani. Nilimpelekea wali na samaki wa Lualaba, sahani ikarudi imejaa. Nikampelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, ikarudi imejaa. Alikula matonge mawili, akasema ameshiba, na kitenge chake kikaanza kumzunguka mara mbili. Niliogopa. Niliona tunaelekea kuzika tena kabla mwaka haujaisha.

Na yule njiwa wa kijivu hakula. Alisimama juu ya bati, palepale manyoya ya mwenzake yalipobaki, akaguna kutwa nzima huku akizunguka na kuinamisha kichwa. Mchele tuliomwagia ukaliwa na kuku. Siku ya nne bibi akaniita dirishani.

"Unamuona? Na yeye iko mu eda," akasema.

Nilicheka kimoyomoyo. Lakini hesabu ilikuwa wazi: aliyekufa ni mkubwa, basi ndiye mume, aliyebaki ni mdogo, basi ndiye mjane. Nyumba nzima hakuna aliyeuliza zaidi. Bibi akaweka wali kidogo dirishani. Njiwa akaja, akautazama, hakugusa. Bibi akachukua punje chache akazitafuna mbele yake, polepole, ili aone. Kesho yake njiwa akadonoa mara tatu, na bibi akala matonge manne. Wakaenda hivyo siku kwa siku, huyu akimbembeleza huyu.

Hapo ndipo akili yangu iliponituma vibaya. Mimi ni mtu wa kumaliza mambo. Nikawaza, njiwa akipata mume atachangamka, na akichangamka, bibi naye atachangamka. Nikapanda pikipiki hadi Nyangwe, nikanunua njiwa mwekundu kwa muuza samaki mmoja aliyeniapia kuwa ni dume, tena dume hasa. Nikarudi naye ndani ya kikapu, vumbi hadi kwenye kope, nikijiona mshenga.

Bibi akakitazama kikapu, kisha akanitazama mimi.

"Mukemwenza," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa babu aliniita mke wake mdogo. "Huyu iko mu eda, na wewe unamuletea bwana? Na mimi utaniletea wangu lini?"

Mchumba akapelekwa kwa jirani, akawekwa chini ya tenga, na kwa miezi mitatu na ushee nikawa naamka asubuhi kwenda kumlisha. Aliniuma vidole. Jirani aliniuliza kila siku harusi ni lini. Haraka haraka haina baraka, bibi alinikumbusha, kama vile tenga lenyewe halikunitosha.

Yeye alizihesabu siku zake na za njiwa kwa mpigo mmoja, kwa mbegu za mahindi ndani ya kopo. Njiwa wa mtaani wakitua karibu na mjane wetu, aligonga dirisha kwa mwiko na kuwaambia wawe na heshima. Mchana mmoja nilimsikia akimsimulia njiwa jinsi babu alivyokuwa akikoroma, na jinsi chumba kilivyo kimya sasa. Nilisimama nyuma ya mlango na sahani mkononi, nikalia. Tangu mazishi sikuwa nimelia. Nilikuwa na kazi nyingi, au ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya kutoka eda ikafika. Bibi akaoga, akavaa kitenge kipya, akapakwa hina, dua ikasomwa. Akaagiza beseni la maji liwekwe uani kwa ajili ya mwenzake. Njiwa akaingia, akaoga kwelikweli, akawarushia wageni maji, na watu wakafurahi. Ndipo nikaruhusiwa kumleta bwana harusi. Mjane akavimbisha shingo, akazunguka, akaguna mguno uleule wa juu ya bati. Shangazi akasema bibi harusi huyu hana hata aibu.

Wiki ya pili nikapanda kigoda kusafisha sanduku. Bwana harusi alikuwa ndani. Akainuka kidogo, na chini yake likadondoka yai, bado lina unyevu.

Nikashuka. Nikaenda kwa bibi nikamwambia kuwa bwana harusi ametaga.

Nikaona anapiga hesabu. Kama mwekundu ni jike, basi wa kijivu ni dume. Na kama ni dume, hakuwa mjane hata siku moja, na mwanamume hana eda.

"Babu yako," akasema mwishowe, "mukewe wa kwanza alipokufa, alikuja kwetu kuniposa arobaini haiyafika. Na huyu amemaliza miezi mine na siku kumi. Hakuna mutu alimulazimisha."

Nilikumbuka mwiko wa dirishani na tenga la jirani.

Ndipo akacheka. Alianza taratibu, kisha akashika ukuta, kisha akakaa chini kabisa, machozi yanamtiririka, akilitaja jina la babu na kumwambia aje ajionee. Majirani wakaja mbio wakidhani ni kilio kingine. Tulipowaeleza, nao wakakaa chini. Ndani ya sanduku, mjane wetu wa kiume alikuwa tayari amempokea mkewe zamu ya kulalia.

Mchana ule nilipeleka wali na samaki kama kawaida. Sahani ilirudi tupu, na aliyeirudisha ni bibi mwenyewe, amesimama jikoni, ananiuliza sufuria nimemfichia nani.