Seli za Mwalimu Tao Zilipozeeka

Mwalimu Tao Yuqin alikuwa na kazi ya ajabu pale Shanghai: kuzibembeleza seli za saratani ya damu zikue. Maana ugonjwa ule ndivyo ulivyo. Seli changa zimegoma kukomaa, kazi hazifanyi, zinazaana tu na kujaza nyumba ya watu. Wenzake walizimwagia sumu. Yeye alitafuta dawa ya kuziambia, haya, utoto basi.

Dawa zake nyingi zilikwenda na maji. Ilibaki moja, na kustaafu kulikuwa kunabisha hodi, kwani kule mwanamke mwenye kazi kama yake akitimiza hamsini na tano anaagwa. Alitaka kitu kimoja tu duniani: abaki maabara mpaka dawa hiyo imfikie mgonjwa.

Ikaingia sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, wiki nzima, ambapo kule hata bosi mkali hufunga ofisi akapanda treni kwenda kwa mamake. Tao alizitia seli dawa, akaenda zake kula. Aliporudi, zote zilikuwa zimekufa.

"Mwalimu, hii ni sumu kama sumu nyingine," alisema mkurugenzi Fei, mwanafunzi wake wa zamani. "Tuitupe tu."

"Fei, pupa yako haijaisha tu? Hizi hazikuuawa. Zimezeeka."

"Seli nayo inazeeka?"

"Seli ya damu ikishakomaa, siku zake chache. Sisi tuko mezani tunashindilia, zenyewe zikakua, zikazeeka, zikajifia. Nipe wiki."

Akampa. Safari hii Tao hakubanduka. Katikati ya wiki akamwita Fei kwenye hadubini. Seli zilikuwa zimeacha kuzaana, zimetulia, zinameza vijidudu alivyozitupia, watu wazima na kazi zao. Tao alifurahi, akamshika Fei bega.

"Umeona, mwanangu? Seli njema ndiyo hii. Inakomaa, inafanya kazi yake, halafu inawapisha wengine bila kelele."

Mdomo uliponza kichwa. Mwezi uliofuata Tao aliomba aongezewe mwaka mmoja tu, na Fei akamjibu mbele ya wafanyakazi wote kwa maneno yaleyale, neno kwa neno, kwa heshima zote. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakampa chupa ya chai na shada la maua, dawa ikabaki kwa Fei.

Tao naye alipiga makofi. Angebisha vipi, na hoja ni yake mwenyewe?