Wimbo ya Felista

Bandugu, mwenye iko na kiti akae, mwenye hana akalie kiatu yake, na mwenye iko na mutoto ya kulia amupe ziwa. Niko na neno. Kila wakati nikisikia harufu ya ndagala, bale samaki badogo, mu mafuta ya mawese, masikio yangu inaanza kuimba. Si ugonjwa. Ni mujomba yangu Zakaria.

Nilikuwa kabinti ka miaka saba hivi, kwetu Songo, pembeni ya ziwa Tanganyika. Uasi ulikuwa unaisha pole pole, na uhuru tulikuwa bado tunauzoea kama viatu mpya. Kila Noeli, tukitoka misa saa sita, Mujomba alikaa mbele ya nyumba ya koko, mama yake, na gitare yenye alitengeneza mwenyewe na bidon ya mafuta na waya ya freni ya baiskeli. Aliimba Felista, muchumba wake, mwenye Tanganyika ilimunyang'anya siku batu walikuwa wanakimbia vita kuenda Burundi. Wimbo ulikuwa na huzuni mpaka kiboko zilitoka mu maji kuusikiliza. Moja niliiona na macho yangu inapangusa pua. Na kila mwaka, mu wimbo, Felista aliongezeka urefu. Mwaka ya tatu, shingo yake ilipita munara ya kanisa.

Kwetu mutu hakuli wakati mwenzake analia. Basi sahani zilingoja. Banamama walilia, jirani wetu Mama Sifa alilia kupita bote, na sisi batoto tulilia pia, kwa sababu ndagala zilikuwa zinapoa.

Koko alichoka. Noeli ile alimuambia: "Zakaria, iyi ni ya mwisho. Kule Luvungi iko binti, na iko na shingo ya kawaida. Wimbo ukiisha, unanipa jibu: unamuoa ao hapana."

Mujomba aliinamia gitare, akaimba kama mutu anaagana.

Alipofika pale Tanganyika inamunyakua Felista, mwanamuke moja mufupi, kikapo ku kichwa, vumbi ya barabara mpaka ku magoti, akasema nyuma yetu:

"Maji haikuninyang'anya. Mutumbwi ulikuwa unaondoka, weye ukasema, ngoja, nimesahau gitare."

Waya moja ilikatika. Mujomba alimuangalia kutoka juu mpaka chini, safari yenye haikukawia.

"Felista?"

"Tumerudi juzi na bazazi, baba na mama. Nauliza mara moja tu, Zakaria. Miye, ao iyo bidon?"

Mujomba alisimama, akapita katikati yetu, akamupa koko gitare kama mutu anarudisha sufuria ya jirani, akapokea kikapo. Koko alipiga vigelegele mpaka kule Burundi batu walitoka inje kuuliza nani amezaa.

Tulicheza, tulikula ndagala baridi, na sijakula tamu kama zile. Ila Mama Sifa alibaki ameweka shavu mu kiganja. Nilifikiri ni wivu. Nilikuwa tayari mama ya batoto wakati nilielewa: bwana yake alibebwa mu uasi, hakurudi, na mu lupango mule, mu kiwanja ya nyumba yetu, kila mutu alikuwa na mutu wake mwenye alipotea. Hakuna mwenye alikuwa analilia Felista. Mujomba alikuwa anatufungulia tu mulango.

Ndiyo maana, wakati bote tunacheka, Mama Sifa akaropoka na sahani mu mukono: "Sasa Noeli ingine tutalia na wimbo gani?"