Kikaratasi cha Torgunn

Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Ndani yake vikaratasi vilivyoviringishwa vilisimama wima, vimebanana kama njiti za kiberiti, na kila kimoja kilikuwa na mstari mmoja wa Biblia. Sisi watu wa ghuba ya kwetu, kule kaskazini kwenye theluji, tulikiita kisanduku cha mana. Siku ya mwaka mpya, baada ya ibada, kila mtu wa nyumba alichomoa kikaratasi chake kwa kibano, na neno lililotoka ndilo lililokuwa lake. Usicheke. Kuna watu kwetu walioolewa kwa vikaratasi vile.

Mdogo wangu Torgunn alipelekwa Madagaska kwa kikaratasi kimoja kama hivyo, na leo nasema ilivyokuwa, maana nimechoka kuitwa dada wa mmisionari.

Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye saba. Mama yetu, Ingeleiv, alikuwa mjane na mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa misheni. Wanawake arobaini walikuja kwetu kila Jumatano kufuma soksi za sufu za kuuza kwa ajili ya Madagaska. Mama mwenyewe alitaka kwenda akiwa msichana, baba yake akamkatalia. Hakuwahi kumsamehe babu.

Basi tukachomoa. Mama alikuwa jikoni anaangalia kahawa. Nikafungua changu: toka katika nchi yako, uiache jamaa yako, uende nchi nitakayokuonyesha. Jamani! Wiki moja tu kabla ya hapo mmisionari mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, akatueleza jinsi alivyomzika mkewe aliyekufa kwa homa. Torgunn alikuwa bado anajifunza kusoma kwa kidole, herufi moja moja, na chake hata hajakifungua. Nikamnyang'anya, nikamtilia changu mkononi, nikamwambia, "Shika hiki, ni kizuri zaidi." Akashika. Alikuwa mtoto wa kuamini watu, na upesi akasahau kwamba kilibadilishwa.

Mama akaingia na birika. Akamsomea Torgunn neno lake kwa sauti, akaliweka birika sakafuni, akapiga magoti papo hapo. Mimi hakuna aliyeniuliza nimepata nini.

Kuanzia siku hiyo Torgunn hakuwa mtoto wa mtu, alikuwa wa umoja. Wanawake walimwombea kila Jumatano kwa jina. Akiugua kikohozi, arobaini wanaleta asali. Akicheza na watoto wengine kwenye theluji, mmoja atamwita dirishani, "Torgunn, mmisionari haendi hivyo!" Naye akatembea vizuri.

Alipokua akapata kazi ya kuunganisha simu. Ubao wa simu wa kijiji ulikuwa nyumbani kwetu, chumba cha pili, karibu na dirisha linaloangalia gati. Laini ishirini na sita. Loo, aliipenda kazi ile! Alijua kila sauti. Mzee Sjur akipiga kumtafuta daktari, Torgunn alishajua kwa pumzi yake kama ni moyo au ni wasiwasi tu. Siku moja aliniambia tukimenya viazi, "Oddlaug, mimi ningekaa kwenye kile kiti mpaka nizeeke. Sitaki kitu kingine."

"Kamwambie Mama," nikasema.

"Kamwambie wewe."

Hakuna aliyemwambia. Utasema angekataa tu. Haya, jaribu wewe! Jaribu kukataa mbele ya wanawake arobaini waliofuma soksi kwa jina lako miaka kumi na miwili, na mama ambaye hana kingine duniani. Kisha urudi hapa unifundishe.

Akapelekwa mjini, chuo cha misheni, miaka miwili. Huko akakutana na Mwalimu Rosseland, aliyefundisha kufasiri Maandiko. Kila asubuhi aliandika ubaoni maswali matatu, na ole wake asiyeyajibu: Nani anasema? Anamwambia nani? Kuna nini kabla yake na baada yake? Penye giza, alisema, utafute penye mwanga, andiko lifasiriwe na andiko. Alikuwa na kisa cha mtu wa visiwani aliyechomoa neno la kutosumbukia mavazi, akavaa shati moja mwaka mzima bila kulifua. Darasa zima lilicheka. Torgunn peke yake hakucheka.

Pasaka alirudi nyumbani amekonda. Tulipomaliza kula samaki wa chumvi akakiweka kisanduku katikati ya meza.

"Mama, neno langu aliambiwa Ibrahimu. Sikuambiwa mimi. Nimesoma kabla na baada."

Mama akaweka uma chini. "Kwani wewe ni nani hata Mungu asiweze kukuazima neno la Ibrahimu?"

"Mama, ukisoma vizuri..."

"Nimekupeleka ukasome ili uende, si ili ukae. Usiniletee elimu mezani, Torgunn. Kula."

"Sikuchaguliwa. Nilichomoa karatasi."

"Na aliyeuongoza mkono wako ni nani?"

Mama alimkazia macho akingoja jibu. Mimi nilikuwa natazama sahani yangu. Nilikuwa nalijua jibu, na nikaomba mkate.

Mwezi wa tano akaitwa kwenye usaili wa mwisho. Wazee watano wa misheni, makoti meusi, na Mwalimu Rosseland mmoja wao. Aliporudi alinisimulia yote tukiosha vyombo.

"Wakaniuliza wito wangu ulikujaje. Nikawaambia kweli. Nikasema, kwa kikaratasi, nikiwa na miaka saba, na humu humu nimefundishwa kwamba huo si wito. Nilidhani watanifukuza, Oddlaug. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyotoka mlangoni."

"Wakasemaje?"

"Mwenyekiti wao akatoa leso akafuta macho. Akasema hajaona unyenyekevu kama huo. Anayejiona hakuitwa ndiye aliyeitwa. Nikamgeukia Mwalimu. Akaniambia, 'Dada yangu, Mungu hutumia hata visanduku.' Nikamuuliza, 'Na kabla na baada?' Akavua miwani, akaifuta, akaifuta, mpaka mwenyekiti akauliza swali lingine."

"Swali gani?"

"Eti nilikichomoa kwa mkono wangu mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akasema, 'Hilo ndilo tulilotaka kulijua. Ingekuwa mtu amekupa, lingekuwa jambo jingine.'"

Sahani ilinitoka mikononi, ikavunjika. Torgunn akainama kuokota vipande, akaniambia nisijali, ni ile iliyokuwa na ufa.

Nilikaa na neno hilo wiki tatu. Wiki tatu nzima, nikilala naye chumba kimoja! Nilijiambia nitasema kesho. Lakini nilijua Mama. Nikifungua mdomo tu, sanduku la safari la Torgunn litabaki pale pale mlangoni, litafutwa jina lake na kuandikwa langu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na hofu yangu ilikuwa bado ya mtoto wa kumi na mmoja. Naona haya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kuondoka, meli ya asubuhi ilikuja na mvua. Wanawake arobaini walijipanga gatini na vitabu vyao vya nyimbo chini ya miamvuli. Mama alivaa koti la kanisani, uso wake unang'aa, kama ni yeye anayesafiri. Torgunn alikuja kuniaga pembeni, penye kreti za samaki. Alikuwa mweupe midomo yote.

"Kaushikilie ubao," akaniambia. "Mzee Sjur akipiga usimsubirishe."

Maana kiti chake nilipewa mimi. Hilo nalo niliseme.

Ndipo likanitoka. Nikamwambia yote: kikaratasi, birika la Mama, nilivyomnyang'anya. Nilisema haraka haraka, nikitazama viatu vyake.

Torgunn akauliza polepole, "Siku ile ya vyombo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilikwambia walichoniuliza. Ukaniacha nikaokota vipande vya sahani."

"Nisamehe, Torgunn."

"Sitaki 'nisamehe'." Akanishika mkono wa koti, akaukaza. "Hawajaondoa ngazi. Mama yule pale. Panda juu ya hiyo kreti useme. Maneno mawili tu, Oddlaug. Sema, 'Nilikichomoa mimi.' Mimi nikisema hawatanisikia, watasema ni unyenyekevu. Wewe watakusikia."

Nikageuka. Wanawake walikuwa wamefika ubeti wa tatu. Mama aliniona, akaninyooshea mkono niende nikasimame naye, mwana aliyebaki. Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha nikatia mkono mfukoni, nikatoa glavu zake za sufu.

"Umesahau glavu zako," nikasema.

Alizitazama. Akanitazama mimi. Akazichukua, akazivaa, kidole kimoja kimoja, bila haraka, kana kwamba ananipa nafasi. Halafu akapanda ngazi. Hakugeuka nyuma, na wanawake wakasema hiyo ndiyo imani.

Alikaa huko miaka ishirini na saba. Kazi aliifanya vizuri, sitadanganya. Torgunn hakujua kufanya kitu ovyo. Aliandika kwamba wanawake wa kule amewafundisha maswali matatu ya Mwalimu Rosseland na wanayajibu kuliko mwalimu mwenyewe, na kwamba kisanduku kingine cha mana alichotumiwa na umoja amekitilia sindano. Barua zake zilisomwa kwa sauti kila Jumatano. Ila pembeni mwa kila barua kulikuwa na mstari mdogo wa penseli ambao niliukunja kabla ya kumpa Mama: "Umeshamwambia?" Nikamjibu habari za majani na mvua. Mwaka wa tisa mstari huo haukuja tena, na hapo ndipo nilipolia.

Mama aliugua mwaka wa kumi na mbili. Alilala chumba cha mbele, dirisha wazi, mchana wa kiangazi, kisanduku kiko juu ya blanketi. Vikaratasi vilikuwa vimechakaa kwa vidole. Alikuwa anavipapasa tu, macho hayasomi tena.

"Oddlaug," akasema. "Siku ile Torgunn alipoitwa. Wewe ulipata neno gani? Mwanangu, sikukuuliza hata siku moja."

Huo ndio ulikuwa mlango, na hakuna mtu mwingine chumbani. Hakuna wanawake arobaini, hakuna meli. Angekasirika, basi. Angekufa amekasirika. Lakini Torgunn angerudi.

"Rudi nyumbani kwako," nikamwambia. Maana ndivyo kilivyosema kikaratasi nilichobaki nacho. Kikaratasi cha Torgunn.

Mama akatabasamu. Akautafuta mkono wangu, akaupiga-piga.

"Kumbe," akasema. "Basi wanangu wote wawili mlitii."

Nikamwekea mto vizuri. Chumba cha pili kengele ya simu ilianza kulia, laini ya mzee Sjur, nikaenda kumuunganisha.