Siku Yaya Alipofungua kwa Shu Mbichi

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano, akasema atafunga siku tatu, maji tu, ili Mungu ailinde. Mama yetu alishakufa na bwana yake alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, kwa hiyo wa kumkataza nilibaki mimi, mdogo wake. Sikumkataza.

Asubuhi ya siku ya tatu aliniambia anatamani shu, yaani kabichi, mbichi, yenye limau na chumvi. Nikainunua soko la Nyakasanza, kubwa, bila tundu hata moja la mdudu. Ndiyo sababu niliichagua. Mvua ilikuwa haijanyesha na maji ya nyumbani yalikaribia kwisha. Niliisuuza mara moja tu, nikaikata.

Saa tisa yaya alirudi nyumbani Rwambuzi kutoka kanisani, akitembea taratibu. Alimaliza sahani nzima kabla ugali haujaiva. Nami nilikula, lakini asubuhi nilikuwa nimekunywa chai na viazi vitamu.

Haikupita saa moja, mate yakaanza kumtoka kama mtoto anayeota meno. Jasho likamlowesha. Akatapika. Macho yalikuwa wazi, lakini mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Mimi tumbo lilininyonga kidogo tu.

Tulifika kituo cha afya kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Muuguzi alimtazama macho, akamchoma sindano, akanigeukia.

"Alikula nini?"

"Shu. Mbichi."

"Na mbele ya ile?"

"Hapana kitu. Siku tatu iko anafunga."

"Na weye ulikula?"

"Nilikula. Lakini nilikuwa nimekula asubui."

Akatikisa kichwa. "Ile ni dawa ya wadudu. Pengine mu tumbo ya bure, haina kitu, inaingia mbio. Pengine ni juu alikula mingi. Siwezi kukuambia kweli."

Kesho yake mimba ilitoka. Alikuwa mtoto wa kike.

Juma lililofuata nilirudi kwa muuzaji na maneno makali. Nikamwuliza dawa aliipuliza lini.

"Jana yake mangaribi. Asubui nikavuna." Alinitazama bila hasira. "Nisipopuliza, mama, utanunua yenye matundu?"

Pembeni yake binti zake wawili walikuwa wanakula ugali na shu ileile, imepikwa.

Yaya hakuuliza kitu. "Mungu alikataa," alisema, na mwaka mzima hakusema zaidi.

Sasa ana mimba tena. Mwezi uliopita akatangaza kwamba atafunga. Hapo ndipo nilipomwambia yote: maneno ya muuguzi, dawa ya jioni, na maji niliyoyabana.

"Kwa hiyo weye ulijua," akasema.

"Nilijua kisha, yaya. Haikuwa mbele."

"Na uliniacha nimulaumu Mungu."

Hajafunga. Anakula asubuhi, saa sita na jioni, chakula alichokinunua, akakiosha na kukipika mwenyewe. Nikimletea sahani, anaipokea kwa mikono miwili, ananishukuru kama mgeni, kisha anaifunika na kuiweka juu ya kabati mpaka iharibike.