Kompyuta Iliyoganda Kila Saa Sita

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa na tabia moja: ikifika saa sita mchana, inaganda. Kishale kinasimama katikati ya skrini, kibodi haijibu, na chochote ambacho sijahifadhi kinapotea. Nilikuwa nimekodi chumba cha mabati mtaani Kawangware, upande unaoitwa Kongo. Asubuhi niliwafundisha akina mama watatu kuchapa, halafu nilipokea wateja wa barua na kadi za harusi. Ilikuwa miaka ya tisini, na mtaani kwetu sikumjua mtu mwingine mwenye kompyuta.

Fundi wa mjini niliyemwendea hakuinuka hata kitini. "Hizi ni mashine za ofisi iko na AC," alisema. "Hama, ama ufanye kazi asubuhi tu." Sikuwa na pa kuhamia. Nilijaribu kuiacha wazi bila kifuniko, vumbi la barabara likajaa ndani kwa siku mbili. Mama mwenye ploti, aliyenikodisha chumba na aliyependa kuingia kutazama, alikuwa na dawa yake: "Hiyo iombewe."

Siku moja alikuja mzee mmoja aliyetengeneza majiko kule Makina, Kibera. Alitaka barua ya kumwombea bintiye nafasi chuoni. Tulipofika aya ya tatu, mashine ikaganda. Nilimwomba msamaha huku machozi yakinilenga. Hakukasirika. Alizunguka nyuma ya kompyuta, akaweka kiganja.

"Madam, hii inapumulia wapi?"

"Iko na feni hapo nyuma."

"Hapo ni pa kutokea. Mimi nauliza pa kuingilia."

Nikatazama. Mbele palikuwa plastiki tupu, bila hata tundu. Miaka miwili nimekaa na mashine hiyo, sikuwahi kujiuliza.

"Jiko bila mlango wa chini haiwaki," alisema. "Hewa iingie chini, itokee juu. Kuja nayo Jumamosi."

Barua yake niliimaliza kesho yake asubuhi. Jumamosi nikang'oa kila kitu ndani, nikakifunga kwa magazeti, nikabeba kasha tupu mgongoni kwa leso hadi Makina. Njiani mwanamke mmoja alinipita kisha akageuka, kuona ni mtoto wa aina gani ana pembe nne.

Mzee alichora kwa chaki, akashika patasi. Pigo la kwanza nililisikia kifuani. Alitoboa safu za matundu chini mbele, halafu nyuma, juu kabisa, akakata duara la feni ya pili niliyoinunua mjini, iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Alilainisha kingo kwa tupa, akaziba matundu ya chini kwa wavu wa dirisha kuzuia vumbi. Mimi nililiosha kasha na kulianika juani, maana chembe moja ya chuma ingetosha kuunguza bodi.

Jumapili nikarudisha kila kitu ndani, nikafunga na feni mpya. Jumatatu ikaganda saa tano. Saa nzima mapema kuliko kawaida!

"Si nilikuambia iombewe?" mama mwenye ploti akasema mlangoni.

Kisha nikaiwasha tena, nikachana kipande cha karatasi laini, nikakisogeza nyuma ya feni mpya. Badala ya kupeperuka, karatasi ilivutwa ikagandamana na feni. Nilikuwa nimeifunga kinyume! Hewa moto iliyotolewa na feni ya zamani, hii mpya ilikuwa ikiirudisha ndani. Nikafungua skrubu nne, nikaigeuza. Safari hii karatasi iliniponyoka vidoleni, ikaruka hadi ukutani.

Kesho yake wanafunzi wangu watatu walikataa kwenda nyumbani. Saa sita mabati yakaanza kulia kwa joto. Mmoja wao alikuwa akichapa, na kila neno alilolimaliza tulilisoma kwa sauti, wote wanne. Saa saba. Saa nane. Mama mwenye ploti aliingia, akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa, akakirudisha.

"Ni baridi," alisema, kama mtu aliyeletewa habari ya jamaa aliyepona.

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia. Tuliendelea kuchapa, tukipokezana, ingawa hakukuwa tena na kitu cha maana cha kuandika. Saa kumi jioni nilihifadhi kila kitu, nikanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue, mwisho wa siku ya kazi ni mimi niliyeizima.